Msusi na Ukoo wa Kubakiza

Mwenye Nyumba hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Msusi. Mtu akikupigia kelele unaweza kumjibu. Huyu alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaongea kwa upole kama aliyekuja kutoa pole ya msiba.

"Sikukuu iliyopita nilivumilia," alisema. "Pipa lenu lilifurika, funza wakatambaa mpaka kizingitini kwangu, panya wakahamia darini. Panya wale ninao mpaka leo. Sasa nasema mapema tusije tukalaumiana. Safari hii nikikuta hali ile ile, mtanisamehe, mtafute pengine."

Akavaa kofia yake, akaenda zake.

Sasa kuhama si kubeba godoro tu. Msusi alikuwa anasukia watu kwenye kibaraza cha nyumba ile: benchi la mbao, kioo kilichopasuka pembeni, feni ya kusimama na msumari wa kutundikia mikoba. Wateja walikijua kibaraza kile kuliko walivyomjua yeye. Mwambie mteja akufuate mtaa mwingine, atakuitikia kwa tabasamu, na wiki hiyo hiyo utamwona amesukwa na mtu mwingine. Vichwa vyote alivyovikusanya kwa subira, kimoja kimoja, vingekwenda na maji kwa sababu ya pipa la taka.

Na pipa lenyewe, utalilindaje? Gari la taka huwa halipiti sikukuu nzima, maana wabeba taka nao ni watu, wana kwao. Pipa ni moja, joto ni kali, nyumba inajaa wageni. Na wageni wenyewe ni ukoo wa mumewe.

Ukoo ule, jamani, ulikuwa na maradhi yake. Ulikuwa haumalizi chakula. Usije ukadhani ni watu wa kudonoa donoa; walikuwa wanakula hasa, wanakula mpaka kope zinalegea. Lakini mwisho wa yote lazima kila mmoja aache kitu sahanini, tonge moja mbili, kipande cha nyama, kiazi kilichoumwa upande mmoja. Wenyewe wanaita bakio. Kwao sahani tupu ni aibu tupu, ni kama kutangaza kwamba ulikotoka hukuwahi kula ukashiba. Tena mwenyeji akiona sahani imebaki nyeupe hakuulizi, anakujazia upya. Na mwenyeji ambaye sufuria zake zimekauka wageni wakiwa bado wamekaa, huyo jina lake linajulikana: mkono wa birika. Ndiyo maana kila mke aliyeolewa mle alipika kama anayelisha kambi ya jeshi, na ndiyo maana pipa la Msusi lilifurika.

Alianza na mumewe. Mume alikuwa fundi wa friji, mtaa mzima ukimwita Fundi, na friji ya kwake ilikuwa imekufa siku nyingi. Humo ndani waliweka sufuria.

"Friji za mji mzima zinagandisha," Msusi alimwambia, "ya kwangu inafuga mende."

Fundi akacheka. Kisha akamtazama usoni, kicheko kikamkauka. Alivua shati, akaivuta friji kutoka ukutani, akalala chali nyuma yake na bisibisi mdomoni. Kabla jua halijazama, friji ilikuwa inanguruma na Msusi ameingiza mkono ndani kuhakikisha baridi ni baridi kweli.

La pili alilipata kibarazani, kwa mteja anayeuza miche ya maua. Mama yule, huku kichwa chake kikivutwa, alimweleza kwamba yeye hatupi maganda. "Chimba shimo," alisema. "Maganda ya viazi, ya ndizi, ya mayai, majani ya chai, vyote tia humo. Kila ukitia, funika na kitu kikavu. Utapata udongo mweusi mpaka utashangaa. Ila usitie kilichopikwa. Ukitia nyama na mafuta, umewaalika panya wa mtaa mzima."

Kitu kikavu Msusi alikuwa nacho cha kumwaga: maboksi ya nywele za kusukia yalikuwa yamejazana chini ya benchi mpaka wateja wanakosa pa kuweka miguu. Akafunga kibwebwe, akachimba shimo nyuma ya bafu, akachana maboksi vipande vipande, akaweka na bati la kufunikia.

Kwa hiyo maganda yamepata pa kwenda. Kilichobaki sufuriani kikiwa kisafi kinaingia kwenye friji, kesho kinapashwa. Lakini bakio, kitu kilichokwisha kushikwashikwa na kuchanganyika na mchuzi na mate ya mtu, hakiliki tena na hakiingii shimoni. Bakio lilikuwa na njia moja tu, pipani.

Hapo Msusi akajiona mjanja. Aliyaficha masahani makubwa uvunguni mwa kitanda, akatoa visahani vidogo vya chai. Sahani ndogo, bakio dogo, nani atapinga? Alijipongeza mwenyewe pale jikoni, peke yake, akiwa ameshika mwiko.

Wageni wakaja. Mama Mkwe alitangulia, mwanamke mfupi aliyenyooka, anayetembea kama anayekwenda kuamua kesi. Nyuma yake Wifi Mkubwa, nesi, na sauti yake ya kuamsha wagonjwa. Kisha Shemeji, kaka yake Fundi, dereva wa lori, na mkewe, na watoto wa kila rika wanaokimbia kabla hujawahesabu. Wote walikuwa wakae mpaka sikukuu iishe.

Walipoletewa visahani walitazamana, lakini adabu wanayo, wakapokea. Shemeji alikikamata chake kwa vidole viwili kama kikombe cha dawa. Akala, akaacha bakio, akaomba kisahani kingine. Akala, akaacha bakio. Akaomba kingine. Na wenzake hivyo hivyo. Kila kisahani kilichotoka sebuleni kilirudi na kifungu chake cha wali pembeni, maana bakio halina udogo. Bakio ni bakio. Mtu aliyezoea kuacha moja kwa mlo sasa aliacha kadiri alivyoongeza, na Shemeji aliongeza mno.

"Wifi, visahani hivi nimevipenda," Wifi Mkubwa alisema huku akijipepea. "Mtu unaonja onja tu, hata huoni umekula."

Msusi alitazama beseni la mabaki kule jikoni. Lilikuwa limejaa kuliko sikukuu yoyote iliyopita. Alilimimina kwenye mfuko, akaufunga, akauingiza ndani ya mfuko mwingine, akautumbukiza pipani na kuumwagia majivu ya jiko. Alipoinua kichwa, Mwenye Nyumba alikuwa dirishani kwake.

"Naona tumeanza," alisema, kwa upole ule ule.

Msusi aliingia bafuni akalia. Alilia kwa hasira, na nusu ya hasira yenyewe ilikuwa ya kujikasirikia, kwa ujanja wake ule wa visahani. Fundi akaja kugonga mlango.

"Niongee na mama?"

"Umeongea naye lini ukashinda?"

Fundi akaondoa mkono mlangoni. "Kweli," alisema, akaondoka.

Asubuhi Mama Mkwe alitoka kibarazani na kitana mkononi, akaketi kwenye kiti cha wateja bila kualikwa. Wageni wengine walitarajiwa mchana, binamu na wake zao, na yeye hakutaka waje wamkute na nywele za jana. Msusi alisimama nyuma yake, akapasua njia ya kwanza, akaanza. Kichwa kile chenye mvi kilikuwa chepesi mikononi mwake. Ukimwona mwenye kichwa hicho akipita sebuleni usingeamini.

Msusi akapiga moyo konde. Uso kwa uso asingethubutu, lakini kisogo hakitoi macho.

"Mama, nina jambo."

"Sema."

Akatoa yote ya moyoni. Alimweleza Mwenye Nyumba alivyosema, gari la taka lisivyopita, kibaraza hiki hiki wanachokalia kinavyoweza kwenda. Alimweleza shimo na friji. Kisha akasema lile lililomkaba: "Vyote vina pa kwenda, mama, isipokuwa bakio. Bakio linanihamisha."

Mama Mkwe hakugeuka, maana alikuwa ameshikwa nywele. Msuko ukafika kisogoni. Msusi alikuwa ameshaanza kujuta.

"Unajua nani aliwafundisha?" Mama Mkwe aliuliza hatimaye.

"Wanasema ni wewe, mama."

"Ni mimi. Walipokuwa wadogo hatukuwa na kitu. Siku moja nikawapeleka kwa ndugu wa baba yao, watu wenye nafasi zao. Wakapewa chakula. Basi walikula, mwanangu! Wakafuta sahani mpaka zikang'aa. Mumeo alikuwa hajaota meno yote, na yeye akailamba ya kwake. Wenye nyumba wakacheka. Wakasema, hawa mama yao anawalisha nini, upepo? Walicheka mbele yangu. Nilipowarudisha nyumbani nikawaambia, kuanzia leo, popote mtakapokula, acheni kitu. Sikuwafundisha kutupa. Niliwafundisha wasichekwe."

Msusi alishindwa kuendelea kusuka. Alimhurumia mama yule, na pale pale akampenda kuliko siku zote alizokuwa mkwe wake.

"Hapa hakuna wa kuwacheka, mama," alisema. "Hapa ni kwenu."

"Mm," alijibu Mama Mkwe. "Kaza hapo, panalegea."

Hakuahidi chochote. Msusi alimaliza kichwa, akapaka mafuta, akashika kioo, Mama Mkwe akajitazama kulia na kushoto, akasimama na kuingia ndani. Ndiyo hivyo, Msusi alijiambia, angalau nimesema.

Mchana nyumba ikatapika watu. Masahani makubwa yalitolewa uvunguni. Msusi alikuwa amepika kwa vikombe, kikombe kwa kichwa, na alikuwa amewauliza wote kabla nani anakula nini. Wifi Mkubwa, kwa kusikia habari hizo za vikombe, alikuwa ametoka asubuhi kwenda kwa rafiki yake, akarudi na sufuria la wali linalobebwa na watu wawili.

"Nakusitiri, wifi," alimnong'oneza. "Watu watasema nini?"

Hapo Msusi angeweza kugombana. Badala yake alipokea sufuria, akashukuru, akamwita Fundi aupooze wali ule haraka kwenye masinia na kuuingiza kwenye friji. Chakula cha kesho hicho kimejileta chenyewe.

Kisha Msusi akaziweka sufuria zake katikati ya sebule, akasimama mbele ya ukoo mzima. Sauti ilianza chini.

"Leo hatupakuliwi. Kila mtu ajipakulie mwenyewe. Chukua kidogo, ongeza, ongeza tena, sufuria hazikimbii. Lakini kilichoingia sahanini kwako ni chako, hakirudi jikoni."

Binamu mmoja alikohoa. Mtu akanong'ona kitu kuhusu birika. Hata hivyo njaa ilikuwa njaa, wakasogea, wakajipakulia, wakala. Wali, maharage, nyama, viazi, kabichi, na mikate pembeni. Maneno yakapungua kama inavyokuwa watu wakila vizuri. Shemeji aliongeza mpaka Msusi akaanza kumwonea fahari.

Mlo ukafika ukingoni. Mikono ikaanza kupunguza mwendo, migongo ikaegemea ukuta, na Msusi akayaona yakitokea mbele ya macho yake, moja baada ya jingine: tonge huku, kiazi kule, mnofu pembeni mwa sahani ya Shemeji. Bakio kila mahali. Fundi mwenyewe, mumewe wa ndoa, alikuwa amemegea pembeni vijiko vyake viwili na kutazama dari akijifanya hamnazo. Msusi alijua kwa hakika kwamba amekwisha. Mfuko mwingine kama ule wa jana na pipa lingenuka mpaka barabarani.

Mama Mkwe naye alikuwa na bakio lake, fungu la wali lenye mchuzi na kipande cha kiazi. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha katikati, misuko yake mipya ikimeremeta. Akanyoosha mkono, akachukua kipande cha mkate. Wakadhani anampa mtoto.

Akafagia sahani kwa mkate ule. Alianza pembeni, akazunguka taratibu, akauzoa wali wote, kiazi kikafuata, mchuzi ukafuata. Akatia mdomoni. Akatafuna bila haraka, akameza. Halafu akaiinua sahani, akaigeuza ili kila mtu aione ilivyo nyeupe.

Shemeji alitoa macho kama aliyekatikiwa breki mteremkoni.

"Mama!" alisema Wifi Mkubwa.

"Nini? Niko kwa mwanangu," alijibu Mama Mkwe. "Nimekula, nimeshiba, na atakayenicheka asimame nimwone." Akazungusha macho sebule nzima. Hakusimama mtu. Macho yakatua kwa Shemeji. "Na wewe, baba, huo mnofu unamwachia nani?"

Shemeji, jitu zima, mwendesha lori, aliinamisha kichwa kama mtoto na kuula mnofu wake. Alipomaliza aliitazama sahani ile tupu kwa muda. Kisha uso ukamchanua.

"Jamani," alisema, "miaka yote hii nimekuwa nikiacha kipande kizuri kuliko vyote!"

Sebule ikapasuka kwa kicheko. Watu wakazirudia sahani zao kama waliofunguliwa kamba. Mikate ikagombewa. Watoto wakaanza kushindana sahani ya nani inang'aa zaidi, na watu wazima wakaingia mashindanoni bila kuona haya. Binamu yule wa kukohoa aliomba ukoko, na Shemeji akadai ukoko ni haki ya mkubwa, ukazuka ugomvi wa ukoko uliosikika mpaka kwa majirani. Fundi alimeza vijiko vyake viwili na kumkonyeza mkewe. Wifi Mkubwa ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alikishika kijiko, akakiweka, akakishika tena, na alipomaliza punje ya mwisho akajipigia vigelegele mwenyewe.

Msusi alikusanya sahani zile, akazibeba jikoni, akaziweka chini na kuzitazama. Hakukuwa na kitu cha kufuta. Alicheka peke yake mpaka akashika meza.

Kuanzia hapo kazi ikawa ya wote. Mama Mkwe alikalia kigoda jikoni na kuamuru: hiki friji, hiki shimoni, hiki kesho asubuhi. Wali wa Wifi Mkubwa ulipashwa, ukaliwa, ukasifiwa, na mwenyewe akasema alijua utafaa. Mkate uliokauka ulichovywa kwenye chai. Watoto waligombea zamu ya kupeleka maganda shimoni na kuyafunika kwa vipande vya maboksi. Siku za mwisho mwisho Msusi hakupika kabisa, alifungua tu friji. Na wageni walipofunga mizigo, kila mmoja aliondoka na kibakuli chenye mfuniko, mpaka friji ikabaki na mtungi wa maji.

Mwenye Nyumba alikuja asubuhi iliyofuata, leso mkononi tayari. Kibarazani palikuwa na wateja wamejaa benchi. Msusi alimwacha mteja aliyekuwa kitini na kichwa nusu, akatoka naye.

Mwenye Nyumba alijiziba pua, akafunua pipa. Akachungulia. Akashusha leso. Chini kabisa kulikuwa na mfuko mmoja uliovikwa majivu na kifurushi cha mifupa ndani ya gazeti. Juu yake palikuwa patupu.

"Mmetupa wapi?" aliuliza. "Mtaroni?"

"Twende mtaroni."

Walikwenda mtaroni, pakavu. Walizunguka uzio, hakuna kitu. Alichungulia hata nyuma ya tangi la maji. Mwishowe Msusi akamfikisha nyuma ya bafu, akainua bati. Mwenye Nyumba alichukua kijiti akachokonoa, akainama, akanusa. Palinuka udongo uliolowa mvua.

Akasimama wima, akajikung'uta magoti yasiyokuwa na vumbi. Akatazama kwake, akatazama shimo. Sasa ndipo Msusi alipoliona pipa la Mwenye Nyumba kule upande wa pili, mfuniko umekaa upande, nzi wanaingia na kutoka. Na yeye pia alikuwa na wageni.

"Hili shimo," alisema kwa sauti ya chini, "lina nafasi?"

"Lile la kuhama je?"

"Kuhama nani? Mhame mwende wapi? Mimi nilisema tu."

"Liseme na pale mbele, wasikie."

Mwenye Nyumba alikwenda mpaka kibarazani, akavua kofia, akawaambia wateja wa Msusi kwamba msusi wao haendi popote, yupo, na ataendelea kuwepo. Msusi alihisi kifua kinapanuka mpaka akaogopa vifungo vya blauzi.

Hazikupita dakika nyingi Mwenye Nyumba akarudi na ndoo iliyofunikwa kitambaa, akiibeba mbali na mwili. Msusi alimzuia pale pale mbele ya benchi, akafunua kitambaa, akatazama.

"Maganda ya viazi, sawa. Ndizi, sawa. Na hili paja la kuku?"

"Hilo... wageni, unajua tena."

"Paja zima, mwenye nyumba! Kilichopikwa hakiingii kwangu. Rudi nalo."

Wateja waliziba midomo kwa mikoba. Mwenye Nyumba alilitoa paja kwa vidole viwili, akaligeuza huku na huku, akaanza kuondoka nalo.

"Na lile pipa lako," Msusi alimwambia kwa upole, huku akirudi kwenye kichwa alichokiacha nusu, "lifunike vizuri. Tusije tukalaumiana."